Ufunguo Mmoja Unatosha

"Toa takataka zote hizi!" fundi Kibwana alifoka, akilipima mkononi shada la funguo kama mtu anayepima kilo ya nyama.

Yakobo akaanza kuzichomoa mojamoja, kwa huzuni. Ulikuwepo ufunguo wa nyumba, wa duka, wa sanduku la marehemu baba yake, na wa kufuli lililopotea tangu vita vya Hitla. Ilikuwepo koleo ndogo, filimbi, na medali ya Bikira Maria. Vyote hivyo vilikuwa vikining'inia kwenye swichi ya motokaa yake. Kila ilipoingia shimoni vilipiga bembea, swichi ikalegea, moto ukakatika. Mji mzima wa Morogoro ulikwisha kumsukuma Yakobo, anayetaka na asiyetaka.

"Na huu wenyewe," Kibwana akauinua ufunguo wa swichi, "umeufanyia nini?"

"Nafungulia soda tu, fundi."

"Tu?"

"Na kuchokonolea sikio."

"Ndiyo maana ufunguo umelika meno, umebaki kibogoyo. Haya, sikiliza. Swichi nimekwisha kuikaza. Ufunguo mmoja, basi! Usiniletee tena duka la vyuma hapa." Adhana ikasikika, na Kibwana akaenda zake kuswali.

Siku hiyo Yakobo hakuwa na nafasi ya kusukumwa. Alikuwa anakwenda Kinole kumposa Regina, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yake ya mwisho, maana Jumapili binti angeahidiwa fundi cherehani mmoja wa Gairo. Mshenga alikwisha kurudi mikono mitupu mara mbili. Wazazi hawakuwa na kinyongo, lakini kwa Waluguru mwenye kauli ni mjomba, na mjomba Gabrieli, ambaye hata sura ya Yakobo hakuijua, alikuwa ameleta jibu lile lile: "Mwanamume asiyefika popote bila kusukumwa, atamfikisha wapi mpwa wangu?" Jibu hilo lilimchoma Yakobo. Alimpenda yule msichana mpaka chakula kilikuwa hakipiti.

Akaiendea pikapu ya kijivu karibu na lango la gereji. Mwaka ule wa hamsini na mbili pikapu zote mjini zilikuwa za kijivu, na tope la masika lilikuwa limezipaka mpaka namba hazisomeki. Akatia ufunguo. Ukagoma kidogo, akautikisatikisa kama alivyozoea, ukakubali. Motokaa ikanguruma kwa adabu.

"Loo! Kibwana ni fundi, jamani!"

Barabara ya Mkuyuni ilikuwa mashimo matupu. Shimo la kwanza, haikuzimika. La pili, inakwenda tu. Akajaribu honi iliyokuwa imekufa tangu Pasaka, ikalia mpaka mbuzi wakaruka mtaro. Kumbe zile funguo zilikuwa zinaikaba mpaka honi! Mlango wa kushoto, ambao siku zote aliufunga kwa kamba, sasa ulifungika wenyewe. Hata harufu ya oili ilikuwa imetoweka, ndani kunanukia mdalasini. Yakobo akaapa kwamba maisha yake yote hatatundika tena hata kishikizo kwenye swichi. Halafu akakasirika. Watu wana roho mbaya kweli, miaka yote wanamsukuma na hakuna hata mmoja aliyemwambia!

Kinole, watoto walianza kushangilia motokaa ikiwa bado kwenye kona ya chini. Mama Regina akatoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga. Alipomwona anayeshuka, akasimama mdomo wazi.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye Yakobo, yule aliyemtuma mshenga."

"Marahaba, baba." Akaitazama motokaa, akamtazama yeye, akaitazama tena motokaa. "Na mwenyewe?"

"Mwenyewe si ndiye mimi, mama!"

Mama Regina akacheka sana, akampa kigoda, akakimbilia jikoni kunong'ona na dada zake. Yakobo akabaki ameukumbatia mkaja, ile nguo ya heshima ya mama wa binti, jasho likimtiririka. Aliona wazi kwamba anatafutiwa maneno ya kufukuzwa nayo.

Mara vigelegele! Jogoo akakimbizwa uani. Mkaja ukapokelewa kwa mikono miwili, na Regina mwenyewe akaletwa, anacheka huku anafuta machozi. Hakuna aliyemuuliza Yakobo kazi yake wala ukoo wake. Jogoo alipoiva, walikuwa wameanza kumwita mkwe.

Mtu mwenye furaha hakosi la kujiharibia. "Lakini mama," Yakobo akasema, "mjomba Gabrieli hatumsubiri?"

"Tumsubiri wa nini tena, mwanangu?" Mama Regina akamwongezea paja la kuku. "Kaka yangu motokaa yake hii hata padri alimnyima. Mimi dada yake nilipougua nilipelekwa hospitali kwa machela, yenyewe imesimama pale pale uani. Leo kakupa wewe uje nayo peke yako! Hilo si jibu?"