Nani Kamwita

Upawa wa kifuu uligonga chungu cha uji kabla ya alfajiri, na msichana aitwaye Upawa akaamka. Alikuwa amelala kwa Bi Mwatime, mkunga aliyemzalisha mama yake, ili amuulize habari ya jina hilo kabla hajakwenda kulibadili asubuhi ile.

"Bibi, watu hunicheka. Wananiuliza dada yangu Mwiko hajambo."

"Ulizaliwa kimya, mjukuu wangu. Nikagonga chungu kwa upawa huu, karibu na sikio lako, mpaka ukalia. Mama yako akauliza, 'Nani kamwita akaja?' Nikamjibu, 'Upawa.' Baba yako pale mlangoni akadhani nimetaja jina lako."

Upawa aliupokea ule upawa kwa mikono miwili, uji akausahau.

"Njoo tena," alisema Bi Mwatime, "kwa jina lolote utakalokuwa nalo."