Dada wa Hiari

Kofia nyekundu ilitokeza mbele ya duka la dawa, ng'ambo ya barabara, na mshona mapazia akahisi damu inamchemka mpaka masikioni.

"Huyo hapo! Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo!"

Mumewe akamshika mkono. "Mama watoto, subiri kwanza. Tuhakikishe."

"Tuhakikishe nini? Kofia nyekundu, duka la dawa, na mwanamke ubavuni, kama tulivyoambiwa. Unataka aje na bango?"

Hasira yake ilikuwa ya haki. Nyumba aliiona kwenye simu: vyumba vitatu, madirisha mapana, kodi ya kutupa. Aliyejiita mwenye nyumba alikuwa safarini, eti, na funguo zingeletwa na mtu. Ulimi wake ulikuwa asali. "Dada yangu wa hiari," alimwandikia, "wanaoitaka ni wengi, ila roho yangu imekupenda wewe. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako." Laana iwashukie watu wenye maneno matamu! Akatuma kodi ya nusu mwaka. Tena, masikini ya Mungu, akaanza kushona mapazia kwa kukisia madirisha ya kwenye picha.

Siku ya kuhamia, gari la mizigo likiwa bado linanguruma, bibi mmoja alichungulia getini na kufoka: "Na nyinyi tena? Nyumba hii haipangishwi! Naishi humu tangu sina mvi hata moja!"

Mapazia yale sasa yamekunjwa sebuleni kwa wifi yake, ambako ndiko wanakolala, wao na watoto wao. Wifi ana moyo mzuri, lakini mdomo hana breki. "Wifi yangu, hata nyanya watu huzibonyeza kabla ya kulipa. Wewe umelipia nyumba nzima kwa picha!" Kila asubuhi wimbo ni huo huo, na mwisho wa wiki hii wanatakiwa wawe wameondoka.

Basi alikwenda kumwaga hasira zake kwenye kundi la mtandaoni la waliotapeliwa nyumba. Hakujapambazuka vizuri, akapokea ujumbe wa mtaalamu wa kufuatilia simu za wezi. "Pole sana, dada yangu wa hiari. Huyo mwizi namjua alipo, na pesa zako bado anazo. Nilipe nusu sasa, na nusu siku utakayomwona kwa macho yako."

Hapo ndipo alipoamini. Tapeli gani anakubali kusubiri mpaka umwone mwizi wako? Akauza cherehani yake moja kati ya mbili. Nusu ya pesa ikaenda, nusu akaifungia kwenye simu.

Leo asubuhi yakaja maelekezo. Mwizi atasimama mbele ya duka la dawa, kavaa kofia nyekundu, na mwanamke ubavuni. Yeye ajifunge kilemba cha njano, ili vijana wa mtaalamu wamtambue wasije wakamkamata kwa bahati mbaya. Akimwona tu mwizi, atume nusu iliyobaki, ndipo vijana watokee. "Na akilia kwamba yeye naye kaibiwa, usimsikilize. Wezi wote husema hivyo." Kitambaa cha njano alikuwa nacho: kipande kilichobaki kwenye pazia la chumba cha watoto.

Akatoa simu. Akatuma.

Ng'ambo, yule mwanamume alikuwa amesimama, kamkodolea macho. Naye akatoa simu haraka, akabonyeza bonyeza.

"Unamwona? Anamtapeli mwingine hapo hapo, mbele ya macho yetu! Na hiyo kofia, lebo ya bei bado inaning'inia. Kanunua kwa jasho langu!"

Akachomoka mkononi mwa mumewe, akavuka barabara bila kuangalia magari. Mwizi hakukimbia. Alikuja moja kwa moja, kakunja ngumi, na kofi la mshona mapazia likampata katikati ya njia.

"Mwizi!" alipiga kelele mshona mapazia.

"Mwizi!" akapiga kelele naye, bila haya.

Wakashikana mashati. Watu wakaanza kujaa, na wa kuamulia hakuna. Mwanamke aliyefuatana naye, mjamzito wa kukaribia kujifungua, akapiga magoti lamini. "Turudishieni pesa zetu jamani! Tunalala stoo ya watu! Huyu mtoto nitamzalia wapi?"

"Enhe, lia!" Mshona mapazia alicheka kwa uchungu. "Niliambiwa mtalia. Mnaigiza vizuri, mnastahili kulipwa. Watoto wangu wanalala sakafuni kwa ajili yenu, na bado mnanililia mimi?"

Akaangaza huku na huku. Hao vijana wako wapi? Mbona hawatokei?

"Baba watoto, mpigie mtaalamu! Mwambie tumemkamata!"

Lakini mumewe alikuwa ameinama. Katika purukushani ile simu ya mwizi ilianguka chini, kioo kinawaka, na yeye alikuwa ameiokota ili iwe ushahidi. Alikuwa anaisoma. Akaisoma tena.

"Mwache," alisema.

"Nimwache? Una wazimu?"

"Mama watoto, mwache. Sikiliza." Akasoma kwa sauti. "'Kaka yangu wa hiari, ukimwona tu mwanamke wa kilemba cha njano, nitumie nusu iliyobaki.'"