Bunduki Aliyoachiwa Ngaire

Fundi bunduki wa Taihape alikuwa ameshaubana mtutu kwenye mashine, tayari kuchonga hesi za kufungia kizuia sauti, kaka yake Ngaire alipoingia karakana na buti za matope.

"Ngaire, usithubutu! Hiyo ni bunduki ya Baba."

"Ni bunduki ya bei poa, na Baba kaniachia mimi."

"Baba kawindia kulungu miaka yote bila hilo kopo. Acha woga!"

Ngaire aliugusa mtutu, pale rangi ilipobanduka kwa viganja vya baba yao. Mlio wake ulimuua masikio mzee yule, akafa bila kuwahi kusikia wajukuu wakimwita. Mezani alikuwa akitabasamu tu wenzake wakicheka.

Ngaire akapita nyuma ya kaka yake, akasema kwa sauti ya kawaida, "Kaka, gari lako linaondoka lenyewe."

Fundi aligeukia dirisha haraka. Kaka mtu hakutikisika. Alikuwa bado anaukodolea macho mtutu.

Ngaire akamzunguka, akasimama usoni pake, akapaza sauti.

"Chonga, fundi! Ukimaliza yangu, kamata na ya huyu, imo garini. Akitaka kugomba, agombe."