Mkufu Pacha

Siku hiyo mjinga alikuwa Lusweti mwenyewe, na hapakuwa na wa kusingiziwa. Sheria ya raga aliijua kama jina lake: mchezaji haumii shingo tena, pigo lote hupita kwenye mkufu wake likamwendea aliyevaa mkufu pacha nyumbani. Ndiyo maana watu walijifunza kukaba kwa adabu, kichwa juu, bega mbele. Yeye aliinamisha kichwa kama fahali, akamwangusha mpinzani, na uwanja mzima wa Kitale ukamshangilia. Alirudi nyumbani kama anayeelea, shingo nyepesi kama unyoya.

Alimkuta mkewe, Nanjala, akisukuma chapati huku uso umegeukia dirishani, haurudi. Mkufu wake uling'aa buluu, taratibu, kama kitu kinachopumua.

"Pole, Mama Simiyu. Lakini Jumamosi ni fainali. Vumilia kidogo tu."

"Daktari amesema nikipata pigo jingine kama hili, sitatembea tena."

"Sasa nikabe kama bibi harusi, nichekwe? Mimi si ndiye kichwa cha nyumba hii?"

Nanjala alilijibu dirisha: "Ndiwe kichwa, Baba Simiyu. Basi kiinue, maana shingo ni mimi."