Saa Kumi na Nne

Mpishi mmoja, Shaali, aliingia ghafla katika ofisi ya tiketi akiwa na aproni yake, akamuuliza Raya wa kaunta ndege inachukua saa ngapi hadi kwao.

"Ni kilomita elfu kumi, kaka. Saa kumi na nne."

"Hakuna ya haraka zaidi? Mama anazikwa leo alasiri."

Raya akahesabu tena, ingawa alishajua. "Utakuta wameshazika. Pole sana."

"Na tajiri wangu wa kazini kasema nikiondoka nisirudi."

"Basi baki, kaka. Muombee dua hapahapa."

"Nilimwahidi mama nitakuja. Nikatie, dada."

Raya akageuza kompyuta kumwonyesha njia ya ndege. Shaali akaweka kidole juu ya mji wao, na tiketi ilipotoka alikuwa bado hajakiondoa.