Mto wa Kweli

Mwaka wa sitini na saba, mto wa mchezo wa kupotea msituni ulikuwa blanketi mbili zilizotandazwa nyasini, na wasichana skauti waliuvuka wakicheka. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyambeki, aliyewaongoza, alitaka maji ya kweli.

"Inua ubao mmoja tu wa lango la maji," alimwambia mzee aliyelinda bwawa la shamba la chai.

"Mwalimu, huko juu Kimulot kumenyesha tangu asubuhi."

"Ni vizuri hivyo."

Mzee akainua. Maji mekundu yakajaa mtaroni, yakafika magotini, kisha kiunoni. Wasichana watano walishika kamba wakavuka. Wa sita, mdogo wao, aliteleza. Kichwa chake kilizama, kikaibuka penye kona, kikapotea.

Nyambeki alisubiri filimbi. Kila msichana alikuwa amepewa moja ya kuomba msaada. Haikulia.

"Huyu ana roho ngumu," alisema, akamwandikia alama kumi kwa kumi.

Walimkuta chini ya daraja, amenasa kwenye matete, filimbi ikiwa ndani ya ngumi. Mzee alifungua vidole kimoja kimoja.

"Mbona hakupuliza?"

Wasichana walitazamana.

"Mwalimu alisema anayepuliza ameshindwa."