Cheti cha Nungunungu

Nungunungu alifukuzwa darasa la tano kwa sababu miiba yake ilichoma wenzake wa dawati. Akajisomea shimoni miaka kibao, akafanya mtihani wa wanaojisomea, akafaulu. Siku ya mwisho ya kuomba ufadhili wa chuo, akampelekea Korongo, msimamizi wa ufadhili chuoni, cheti chake.

Korongo akakigeuzageuza. "Dogo, hiki cha wasiokaa darasani. Ufadhili ni wa waliokaa."

"Sawa, mzee. Mtihani wangu aliutunga nani?"

"Mimi."

"Akasahihisha nani?"

"Mimi, nani mwingine?"

"Sasa hapo usiyemwamini ni mimi au wewe?"

Korongo akaikodolea sahihi yake mwenyewe chini ya cheti, kisha akasogeza fomu. "Jaza. Chuoni tutakupa dawati la peke yako."

"Mzee, hilo tu ndilo nililoomba darasa la tano."